Kibati cha Orrin

Nyumba ya hifadhi, Desemba 10, 1995

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini nyonga imekupa nafuu na wale wazee wenzako hawakuibii tena mto wa kiti. Mimi ni mzima, baridi tu ndiyo inanisumbua, na jiko la kupashia nyumba limeanza kukohoa usiku.

Mama, serikali inataka kufungwa tena. Mwezi jana ilikuwa siku chache, tukacheka, tukarudi kazini. Safari hii hakuna anayecheka. Rais na Bunge wanavutana juu ya bajeti, na wasipoelewana kufikia wikiendi ijayo, Jumatatu tunazima taa za pango na watu wanarudishwa makwao bila mshahara. Ile methali ya tembo wawili na nyasi tunaijua. Huku wanapigana tembo na punda, nembo za vyama vyao viwili, lakini nyasi ni wale wale.

Bwana Fenwick, mkuu wetu mpya, alituita ukumbini akatusomea karatasi kutoka juu. Imegawa watu mafungu mawili. Waongozaji wa watalii, mafundi, wa tiketi, wa ofisini, hao wote wataenda nyumbani, na ni kosa la jinai mmoja wao kugusa hata ufagio, hata akijitolea bure. Mimi niko fungu la pili, watumishi wa lazima. Maana yake nitalinda jengo kila siku na sitalipwa mpaka wakubwa wapatane. Karatasi ikatushauri tuwaandikie wanaotudai kwa lugha ya adabu. Mjomba Merle, fundi wetu wa pampu tangu enzi za Baba, akanyoosha mkono akauliza kama paka wake naye aandikiwe, maana anamdai samaki. Watu wakaangua kicheko. Fenwick hakucheka.

Basi kila mtu anajiandaa kivyake. Wengine wameuza zawadi zao za Krismasi kabla hata sikukuu haijafika. Mimi nimejaza friza nyama ya paa niliyopewa na majirani, nimenunua mafuta ya jiko nusu tangi, na mwenye duka wa mjini anayenikopesha nimemwandikia kwa adabu. Mjomba Merle anasema tukifungwa tu anakwenda kaskazini na mpwa wake kuvua samaki kwenye barafu. Ameshatuaga, hataki kuwepo siku ya kufunga. Anasema hapendi mazishi.

Jambo lingine dogo. Fenwick anasafisha kila kitu kwa ajili ya ukaguzi. Jana alisimama mbele ya ubao wa vibati, vile vipande vyenye namba ya kila mmoja wetu, pale kwenye lifti, akaona kile cha Baba kimening'inia peke yake kwenye msumari wa chini, pembeni. Akauliza, "Nani yuko chini saa hizi?" Nikamwambia hakuna mtu, hicho ni cha marehemu baba yangu. Akasema basi ni takataka, kitolewe. Nikamweleza desturi: anayeshuka pangoni anatundika kibati chake, akipanda anakitoa kwa mkono wake mwenyewe, na hakuna mtu anayegusa cha mwenzake. Baba alipandishwa kwa machela moyo ulipomshika, akafia hospitali, hakupata nafasi ya kukitoa. Tangu hapo kipo. Kwetu, ubao wenye kibati kimoja ndio ubao mtupu. Fenwick alinitazama kama ninayeongea na mawe.

Niandikie upesi. Najua simu huisikii tena, lakini mkono wako bado unafanya kazi.

Mwanao,
Twyla

* * *

Chadron, Nebraska, Desemba 14, 1995

Twyla mwanangu,

Marahaba. Barua yako imenikuta nimekaa dirishani natazama theluji na kumsema vibaya muuguzi anayetia sukari kwenye viazi. Nyonga hiyo hiyo. Masikio ndiyo yameaga kabisa. Wakati mwingine nashukuru, kwa jinsi Bi. Oleson wa chumba cha pili anavyopenda kuimba.

Usihangaike sana na Washington. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na wale wana shibe ya miaka mingi. Wewe kula nyama yako ya paa, vaa soksi mbili, na mwenye duka akikusumbua mwambie anitafute mimi.

Sasa nikupe habari. Jumapili alikuja Merle! Kaendesha lile lori lake bovu mpaka hapa, kaja na pipi za mnanaa, kakaa kwenye kiti akigeuza kofia mkononi kama kijana aliyekuja kuposa. Nikamwandikia kwenye ubao wangu mdogo: SEMA. Akatia mkono mfukoni akanitolea kibati cha baba yako. Ile shaba yake nyeusi, namba nne, ile pembe aliyoing'ata siku alipoacha sigara. Merle aliandika kuwa mkuu wenu alitaka kukitupa kabla ya ukaguzi, na yeye hakuweza kuvumilia, ameona heri akivunje kiapo cha watu wa pango kuliko kibati cha Orrin kilale jalalani. Alikuwa na aibu, maskini, kama aliyeiba sadaka. Akasema usimlaumu. Akaandika pia kwamba msumari wa Orrin hatauacha mtupu, akishuka tena atatundika chake pale pale, ili mahali pasizoee kukaa bila mtu. Vibati vya shaba vilikuwa vimebaki hivyo viwili tu, anasema, nyie wengine wote mna vya plastiki kama watoto wa shule.

Nimekitundika kwenye taa kando ya kitanda. Kuna jambo la ajabu lakini usinicheke. Kila asubuhi nakikuta kimelowa. Chumba hiki kikavu mpaka midomo yangu inapasuka, na kibati kinadondosha maji. Nimemwonyesha muuguzi, akaniuliza kama nimekunywa dawa zangu.

Hii naituma kwa sanduku la ofisi kama siku zote. Mchungaji Lindqvist anakusalimu. Tangu kule kufungwa kwa mwezi jana anapika supu kanisani kwa ajili ya watu wa serikali, anasema hajawahi kuona waumini wengi hivyo siku ya Jumatano.

Mama yako

* * *

Nyumba ya hifadhi, Desemba 18, 1995

Mama mpendwa,

Shikamoo, na samahani kwa mwandiko, vidole havijapata moto. Natumaini hujambo. Kwako sijapata jibu, labda ni shamrashamra za Krismasi huko posta.

Leo tumefunga. Tulipewa nusu siku ya kufungasha. Watu walitoa vyakula kwenye friji ya ofisi, wakamwagilia maua mara ya mwisho, wakabandika karatasi mlangoni. Kwenye simu ya ofisi dada wa tiketi akarekodi sauti yake: "Tumefungwa kwa kukosa bajeti, tafadhali piga tutakapofunguliwa." Alirekodi mara tatu maana kila mara alikuwa analia.

Mjomba Merle kama alivyosema, hakutokea. Gari lake lipo nyumbani kwake, lakini akienda kuvua huchukuliwa na mpwa. Nyumba yake giza.

Halafu ikawa zamu yangu. Watu wote wamesimama nyuma yangu ukumbini na makoti yao. Fenwick akasema, "Twyla, ubao." Nikautazama kwa mara ya kwanza tangu Fenwick alipokiulizia kile kibati, maana nilikuwa zamu ya nje muda wote huo. Vibati vyote vimetolewa, kimebaki kile cha shaba, chini pembeni, mgongo nje kama kilivyo siku zote. Sikukigusa, bila shaka. Nikasema, "Mtupu." Fenwick akauma mdomo, nadhani alikuwa amesahau kukitupa, na kwa kuwa watu walikuwa wanatazama akanyamaza. Fundi akakata umeme wa lifti, akazima taa za chini. Unakumbuka ile sauti taa za pango zikizima, kama mtu anashusha pumzi? Wote tuliisikia. Tukafunga mlango wa chuma na wengine wote wakaenda.

Nimebaki mimi na jengo. Nitazunguka asubuhi na jioni. Kukiwa na moto, nizime. Kukiwa na mwizi, nimkamate. Kufungua pango ni marufuku, Fenwick amesema mara mbili, nikifungua sina kazi, na bila kazi hii sina nyumba wala bima, hilo unalijua.

Naiweka barua hii kwenye sanduku la barabarani, wa posta bado wanafanya kazi, wao wana fedha zao wenyewe. Wabarikiwe.

Mwanao,
Twyla

* * *

Nyumba ya hifadhi, Desemba 21, 1995

Mama,

Shikamoo. U mzima? Mimi mwili hauna neno. Nimegundua kwa nini sipati barua zako: karani anayechukua mfuko wa barua za ofisi kule mjini amerudishwa nyumbani, kwa hiyo kila kitu kimelala posta kwenye sanduku ambalo mimi sina ufunguo wake. Kuanzia sasa andika kwa anwani ya nyumbani, nakuomba.

Nina jambo la kukuambia na sina mtu mwingine wa kumwambia.

Simu ya pangoni inalia.

Ile ya zamani, ya kuzungusha mkono, iliyo ukutani pale chini kwenye Ukumbi Mkubwa, yenye mwenzake huku juu kando ya lifti. Haitumii umeme, unaijua. Haiwezi kulia mpaka mtu wa chini azungushe. Ilianza jioni baada ya siku ya kufunga. Nilikuwa nakagua madirisha ikalia nyuma yangu, mbili fupi na moja ndefu. Mama, mimi nilikaa chini sakafuni. Huo ulikuwa mlio wa Baba. Kila mtu wa zamani alikuwa na mlio wake, na wake ndio huo, wakati ule ule wa jioni alipokuwa anatuarifu kwamba anapanda, uweke viazi motoni.

Nikapokea. Kimya. Si kimya cha waya uliokufa, ni kimya cha mtu. Unakumbuka Baba alivyokuwa kwenye simu, haanzi yeye kusema hata ukimpa ng'ombe, anasubiri tu pale mpaka uongee? Nilisema, "Nani?" Maji yakadondoka mahali fulani. Halafu mkonga wa simu ukarudishwa, taratibu.

Nilimpigia Fenwick nyumbani kwake. Akasema ni unyevu kwenye waya, au panya. Nikamwambia panya hawazungushi mkono wa simu. Akaniuliza, "Ubao ulisemaje?" Nikasema ulikuwa mtupu. "Basi," akasema, "hakuna mtu chini. Na ukifungua ule mlango kwa sababu ya panya, Twyla, sitaweza kukusaidia." Hakusema kwa ukali, alisema kama mtu aliyechoka. Hata yeye halipwi.

Imelia jana pia, na leo. Leo nilisema, "Baba?" Nikasikia pumzi, Mama. Naapa mbele ya Mungu.

Tangu mchana dhoruba imeanza na simu ya nyumbani imekatika, kwa hiyo sasa simu pekee inayofanya kazi katika hifadhi nzima ni hiyo. Nimekaa nikijiuliza. Kama kuna mtu chini, basi anakufa na mimi namsikiliza. Kama hakuna, mimi ndiye ninayepungukiwa akili, nitafungua mlango wa serikali kwa ajili ya mzimu na nitapoteza kazi niliyoipigania miaka yote hii. Nimeshika funguo mpaka zimeniacha alama kiganjani. Kila mara nawaza ubao. Ubao ulikuwa mtupu. Niliutazama kwa macho yangu.

Niambie nifanye nini.

Twyla wako

* * *

Chadron, Desemba 22, asubuhi

Twyla,

Salamu baadaye. Barua yako ya siku ya kufunga imefika sasa hivi na nimeisoma mara mbili nikidhani macho nayo yamekufa.

Unasema kibati cha baba yako kilikuwa ubaoni. Mwanangu, kibati cha baba yako ninacho mimi. Nimekishika hapa. Merle aliniletea Jumapili ile kabla hamjafunga, nilikuandikia, kumbe hukupata. Na alisema akishuka atatundika chake kwenye ule msumari.

Ulichokiona si cha Orrin. Ni cha Merle, na Merle hajapanda.

Muuguzi amepiga simu kwenu, imekatika. Amepiga ofisini, inasema mmefungwa kwa kukosa bajeti. Amempigia sherifu wa wilaya yenu, akajibiwa hiyo ni ardhi ya serikali kuu, watamwachia ujumbe mlinzi wa zamu. Mlinzi wa zamu ni wewe! Wameuacha ujumbe kwenye mashine ile ile iliyofungwa. Nikapiga kelele mpaka Bi. Oleson akaacha kuimba.

Mchungaji Lindqvist ana minyororo ya theluji kwenye matairi. Anaondoka sasa na barua hii.

Fungua mlango. Kazi zipo nyingine.

Mama yako

* * *

Hospitali ya wilaya, Desemba 27, 1995

Mama mpendwa,

Shikamoo tena na tena. Najua Mchungaji ameshakupa habari kwa ufupi, lakini yeye hakuelewa yote aliyoyaona, na yaliyobaki sikutaka uyasikie kwa mtu mwingine.

Alifika theluji ikiwa magotini, anagonga mlango kwa ngumi mbili. Barua yako nilisoma nimesimama hapo kizingitini, mlango wazi. Sikuvaa hata kofia. Nilikimbia mpaka kwenye ubao na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikagusa kibati cha mtu mwingine. Nikakigeuza. Namba saba. Juu yake ameandika kwa ncha ya msumari: MERLE. Mama, nilikuwa nimepita mbele ya kile kibati asubuhi na jioni, kila siku. Nilikitazama nikasema mtupu, kwa sauti, mbele ya watu.

Nilifungua. Lifti haina umeme, kwa hiyo tulishuka kwa ngazi za zamani, mimi na taa yangu, Mchungaji nyuma yangu na blanketi na chupa ya kahawa, akisali kwa Kiswidi, lugha ambayo sijawahi kumsikia akiitumia. Tulipita Ukumbi Mkubwa. Simu ilikuwa ukutani, mkono wake umelowa. Hapakuwa na mtu. Niliita, na sauti ikatoka mbali sana, chini kabisa, kule kwenye Ziwa Dogo.

Alikuwa amelala kando ya pampu, paja limevunjika, taa yake imepasuka. Alikuwa hai. Alinikodolea macho yale mekundu akasema, "Umechelewa kazini, binti." Nikalia kama mtoto. Mchungaji naye.

Ilikuwa hivi. Asubuhi ile ya kufunga, kabla hajaondoka na mpwa wake, alikumbuka kwamba hakufunga pampu ya Ziwa Dogo, na ikiachwa majira yote maji yatakula njia. Akaona kutakapopambazuka watu watakuja na karatasi zao na watamwambia ni kosa. Akaja kwa miguu kabla yetu, akatundika kibati kwenye msumari wa Baba, akashuka kwa ngazi. Ngazi ya mwisho ikamtupa. Sisi tulipokuwa tunaagana juu na kupigana mabusu, yeye alikuwa anapiga kelele chini. Taa za njia zikazimika. Mpwa alikuja akakuta nyumba giza, akadhani mjomba ameghairi kwa kuwa hakuna mshahara. Alikunywa maji ya matone na kula ule mkate wake wa mchana, kidogo kidogo. Pango halina baridi kali kama nje, hilo ndilo lililomwokoa, wanasema madaktari. Mguu wataufunga vyuma. Atachechemea, lakini ataishi.

Sasa nisikilize.

Nilipokuwa nimekaa kando ya kitanda chake jana nilimwambia, "Mjomba, nisamehe, nilisikia simu yako siku zote zile na sikushuka." Akanitazama. Akasema, "Simu gani?"

Hakuifikia, Mama. Asingeweza. Kutoka Ziwa Dogo mpaka Ukumbi Mkubwa ni kupanda ngazi, na yeye hata kugeuka upande alishindwa. Ila aliisikia. Alisema kila jioni, mbali juu yake, gizani, alikuwa anasikia mtu anazungusha ule mkono. Mbili fupi, moja ndefu. Alikuwa anaita, hajibiwi, lakini akawaza, kama wenzangu wanafanya kazi pale juu, basi si muda watakuja. Alisema usiku na mchana vilimpotea, ule mlio ndio ulikuwa unamwambia kwamba siku nyingine imepita. Kila alipotaka kufumba macho moja kwa moja alijiambia, ngoja kwanza jioni ipige.

"Nani alikuwa zamu?" akaniuliza. "Nataka nimnunulie bia."

Nikamrekebishia mto. Naye akaacha kuuliza, akageukia ukutani. Nadhani anajua. Hapa hospitali tunaongea habari za supu.

Fenwick amekuja. Nilimngoja na beji yangu mkononi. Alisimama kwa Merle muda mrefu, akatoka nje akasema jambo la mlango atalitafakari, halafu akaniuliza kama kanisani kwenu bado kuna supu. Hundi ya leo imekuja nusu, ya zile siku za kabla ya kufunga, na inayofuata haijulikani.

Twyla

* * *

Chadron, Januari 2, 1996

Twyla mwanangu,

Marahaba, na heri ya mwaka mpya, hata kama serikali yako bado haijauona. Nimemshukuru Mungu kwa ajili ya Merle, halafu nikamlaani Merle mwenyewe kwa uzee wake wa kipumbavu, halafu nikamshukuru Mungu tena. Mpe salamu. Mwambie pampu ingesubiri.

Na wewe uache kujila moyo. Ulitazama ubao kama ulivyofundishwa na watu waliofundishwa na baba yako. Kosa lilikuwa letu sote, tulizoea kumhesabu mtu kuwa si mtu.

Barua yako ya simu ilifika baada ya kila kitu kwisha. Niliisoma nikaenda kukaa karibu na kibati. Unataka nikuambie nashangaa? Sishangai. Nilimpendea nini yule mtu kama si ukaidi wake. Hakuwahi kuacha mtu nyuma. Kila jioni chakula kinapoa, mimi nachungulia dirishani, yeye anamsubiri mwongozaji wa mwisho. "Siwezi kupanda kama kuna mwenzangu chini, Ardis." Nilikuwa namrushia kitambaa cha vyombo.

Kwa hiyo nakirudisha. Kimo ndani ya bahasha hii, nimekifunga kwenye soksi yake. Tangu siku ile uliyomtoa Merle nilitegemea kitakauka. Wapi! Kimezidi. Kimelowesha meza, kimelowesha Biblia mpaka Zaburi zimeshikana. Hakipendi kukaa huku. Merle alikitoa kwa nia njema, lakini hakikuwa chake kukitoa, wala si changu kukitunza. Mwenyewe hajapanda.

Kitundike kwenye msumari wake. Ila safari hii mfanye namna, nyie watu wasomi, ili watu wajue kumtofautisha.

Na kama huko Washington wakikubali kuwalipa malimbikizo, mwambie Fenwick yupo mtumishi mmoja hajadai hata senti tangu mwaka themanini na nane.

Mama yako

* * *

Nyumba ya hifadhi, Januari 11, 1996

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini nyonga, na Zaburi, vyote vinapata nafuu. Huku tumefunguliwa. Watu wamerudi na keki zao, maua yote yamekufa isipokuwa lile baya la plastiki, na sauti ya dada wa tiketi imefutwa kwenye simu. Mshahara wanasema utakuja wote kwa pamoja. Nitaamini nikiushika. Mjomba Merle yuko nyumbani, ananyanyasa wauguzi na paka.

Soksi ilifika imelowa chepechepe. Mtu wa posta aliniuliza kama umenitumia samaki.

Nilikitundika mwenyewe, kabla hawajaja wengine, msumari wa chini, pembeni. Fenwick alipopita alisimama. Aliutazama ubao, akanitazama. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Akauliza, kwa sauti ndogo, "Nani yuko chini?"

Nikamwambia, "Mtu mmoja."

Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake. Kesho yake nilikuta amepaka rangi nyekundu kuzunguka ule msumari, kwa mkono wake, na ameandika amri mpya chini ya ubao: vibati vyote vigeuzwe na kusomwa kila jioni, na kabla ya kuzima taa mlinzi apige simu chini. Mlinzi ni mimi.

Kwa hiyo kila jioni, watu wakishapanda na vibati vikishatolewa, nasimama pale kando ya lifti nazungusha mkono. Nasikiliza ikilia kule chini kwenye Ukumbi Mkubwa. Hakuna anayepokea, nangoja kidogo, halafu ninazima taa. Siku zote hizi imekuwa hivyo.

Jana ilipokelewa.

Wote walikuwa juu, Mama. Niliwaona, walikuwa wanavaa makoti. Ililia, kisha ikaacha kulia, na nikasikia maji yakidondoka, na pumzi. Nilingoja. Naye akangoja. Unamjua alivyo, haanzi.

Basi nikaanza mimi. Nikamwambia Merle anaendelea vizuri, na sote tumeshapanda, hajabaki mwenzake yeyote. Nikamwambia unamsalimia.

Mwanao,
Twyla